Nani Ataziandika Njia za Vilima Vyetu?

Wahenga walinena kwamba milima haikutani lakini binadamu hukutana. Methali hii tumefunzwa kuifasiri tangu shule ya msingi kuwa ni wosia wa kutendeana wema, kwani waachanao leo huenda wakaonana kesho. Hata hivyo, ndani yake mna ukweli mwingine ambao aghalabu hatuujadili. Binadamu hao hukutana kwa sababu baina ya mlima na mlima pana njia. Mlima hukaa palepale. Njia ndiyo iendayo. Ni ajabu basi kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili, tunaochambua vina, mizani na ngeli kwa bidii, hatujazihesabu njia za miguu miongoni mwa mambo yanayostahili kalamu zetu.

Makala haya yanakusudia kuzungumzia njia za miguu zipitazo katika vilima vya mashambani, hususan vilima vya Taita katika Kaunti ya Taita Taveta. Hoja yangu ni moja. Njia hizi zinaandikwa upya katika zama zetu: kwenye vibao, kwenye vitabu vya watalii na kwenye simu zinazorekodi kila hatua ya mtembeaji. Lugha inayotawala uandishi huo ni Kiingereza. Kiswahili na lugha za wenyeji hutajwa kwa nadra. Jambo kama hili lilitokea katika karne ya kumi na tisa, na majina tunayoyatumia mpaka leo yangali yana alama za kalamu za wageni. Tukinyamaza mara hii, hatutakuwa na wa kumlaumu.

Kwa msomaji asiyeyajua mandhari ya Taita, inafaa nimchoree picha. Vilima hivi vinachomoza ghafla kutoka katika nyika kavu ya Tsavo. Dawida ndilo pande kubwa zaidi. Mbololo iko kaskazini mashariki yake, Sagalla iko kusini mwa mji wa Voi, na Kasigau umesimama peke yake mbali kusini mashariki. Kilele cha juu kabisa ni Vuria, chenye kimo cha mita 2,208 juu ya usawa wa bahari. Njia za kutoka Wundanyi kuelekea vilele hivyo hupita kwenye matuta ya mahindi na maharagwe, zikavuka vijito, zikapenya migombani na kuingia katika mabaki ya misitu ya asili kama vile Ngangao. Wataalamu huvihesabu vilima vya Taita kuwa ncha ya kaskazini ya safu ya milima ya kale inayoanzia hapo na kuendelea hadi Udzungwa nchini Tanzania. Katika Kenya nzima, safu hiyo haina sehemu nyingine. Misituni humo mna ndege na mimea isiyopatikana penginepo popote duniani.

Mtembeaji akijaaliwa asubuhi isiyo na ukungu, akifika juu na kugeukia magharibi, ataiona Kilimanjaro kwa mbali, kiasi cha kilomita 110, imeelea juu ya nyika kana kwamba haina msingi. Chini yake ataona mashamba ya mkonge ya Mwatate na uwanda wa Tsavo usio na mwisho. Ni mandhari haya ambayo siku hizi yanawavuta vijana kutoka Mombasa na Nairobi kuja kutembea vilimani siku za mwisho wa juma. Jambo hili ni la heri na silipingi hata kidogo.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba njia hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya mandhari. Zilichimbwa na nyayo za watu waliokwenda kuteka maji, kuuza ndizi sokoni, kuzuru wakwe, kupeleka watoto shuleni na kuzika jamaa zao. Kila kona ina sababu yake. Ujia ukizunguka jabali badala ya kulipanda, huenda palikuwa na mama aliyebeba mzigo kichwani. Ukikwepa kichaka fulani ilhali kukipita kungekuwa rahisi zaidi, huenda kichaka hicho ni fighi, yaani mahali patakatifu palipowekwa na wazee kwa ulinzi wa jamii. Kwa hiyo, anayeipita njia bila kujua kwa nini imepinda ni sawa na msomaji anayezitamka herufi bila kuielewa sentensi.

Turejee sasa katika karne ya kumi na tisa. Mnamo 1848 mmisionari Johannes Rebmann alitoka Rabai kuelekea nchi ya Wachaga. Msafara wake uliongozwa na Bwana Kheri, mtu wa Pwani aliyezijua njia za bara, na ulipitia Taita. Tarehe 11 Mei mwaka huo, Rebmann aliona weupe juu ya mlima wa mbali. Kwa mujibu wa maelezo yake mwenyewe, alipouliza, kiongozi wake aliuita weupe huo kwa neno moja tu: baridi. Rebmann alikata shauri kuwa hiyo ni theluji, akaandika hivyo, na habari ikachapishwa Ulaya mwaka uliofuata. Mwanajiografia mmoja wa London, Desborough Cooley, aliyekuwa hajaitia miguu yake katika njia hizo, akambishia kwa miaka mingi.

Wanafunzi wa fasihi wanapaswa kulitafakari tukio hilo. Katika mabishano yale yote ya wasomi, sauti ya Bwana Kheri ilibaki neno moja. Hatujui angesimulia nini lau angeliandika yeye mwenyewe. Neno "baridi" lilichukuliwa kama ushahidi wa mtu asiyejua theluji, ilhali lingeweza kufasiriwa kwa namna nyingine: mtu wa safari hutaja jambo linalomhusu msafiri. Weupe haumwui mpagazi; baridi humwua. Mmoja aliutazama mlima kwa jicho la mgunduzi, mwingine kwa jicho la kiongozi wa watu. Historia ikamhifadhi wa kwanza kwa kurasa na wa pili kwa neno.

Hata jina lenyewe la Kilimanjaro limetuachia mafumbo. Kwa nini mlima mrefu kuliko yote barani Afrika, wenye kimo cha mita 5,895, uitwe kilima na si mlima? Krapf alipendekeza kwamba maana yake ni mlima wa ukuu au mlima wa misafara. Wapo wanaodai kuwa asili yake ni Kichaga, na kwamba masikio ya wageni yalilisikia jina visivyo. Ubishi huo haujakatika hadi leo.

Mfano wa pili unatugusa zaidi. Tarehe 3 Desemba 1849, Krapf akiwa Kitui, katika nchi ya Wakamba, aliuona kwa mbali mlima wenye vilele viwili kama pembe. Jina alilolisikia kwa Wakamba akaliandika Kenia. Wakamba wenyewe huuita mlima huo Kiinyaa, na Wakikuyu huuita Kirinyaga. Jina la Kenya, kwa hiyo, liliingia vitabuni kutokana na mtazamo wa mbali kutoka kilimani, likapita katika sikio la mgeni na kalamu yake, kisha likaturudia likiwa jina la taifa. Sisemi tulibadilishe. Ninasema tulitumie kama onyo: mtu wa kwanza kuandika ndiye hutia muhuri, hata akiwa amesikia nusu tu ya alichoambiwa.

Kuna mambo mazito kuliko majina ambayo njia hizi zinayabeba. Mathalani, mtembeaji anayezunguka Kasigau leo huenda akaambiwa habari za ndege na miamba pekee. Ni nadra aambiwe kwamba mnamo 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliuteka mlima huo, na kwamba serikali ya Waingereza iliwashuku wenyeji kuwa wamewasaidia adui, ikaviteketeza vijiji vyao na kuwahamishia Malindi kwa nguvu. Wengi wao walifia ugenini. Waliosalia walirejea baada ya miaka mingi. Njia waliyoshukia ni sehemu ya simulizi ya nchi hii. Kibao kinachotaja kimo cha mlima na umbali wa kilele bila kutaja hayo hakijasema uongo, lakini kimenyamaza mahali pabaya.

Baadhi ya wasomaji watauliza: haya yanahusuje masomo ya Kiswahili? Yanahusu kwa njia mbili.

Kwanza, maelekezo ya njia ni fasihi simulizi. Katika mihadhara yetu tunaainisha ngano, visakale, methali, vitendawili, misimu na maapizo. Sijakumbuka kusikia maelekezo ya njia yakitajwa kama utanzu, hata kama kipera kidogo. Ilhali kijana anayemsimamisha mzee vilimani na kumwamkia, "Shikamoo bibi, njia ya kupanda juu ni hii?" huweza kupata jibu la namna hii:

"Marahaba mjukuu wangu. Hii itakupeleka, lakini usiifuate mpaka mwisho. Ukiuona mkuyu ule ulioinama, uache mkono wa kushoto. Utakuta maji, hapo nenda polepole, mawe yanateleza. Ile pana inayoshuka si yako, hiyo ni ya ng'ombe. Wewe shika nyembamba inayopanda. Ukisikia kelele za watoto wa shule, umekaribia. Haya, nenda salama."

Tuyachunguze maneno hayo kama tunavyochunguza shairi. Msemaji hutumia nafsi ya pili tangu mwanzo hadi mwisho, hivi kwamba msikilizaji anakuwa mhusika mkuu wa simulizi ambayo bado haijatokea. Hali ya masharti ya "-ki-" huigawa safari katika vituo. Kuna ukinzani wa njia pana inayoshuka na njia nyembamba inayopanda, ukinzani ambao wahubiri wameutumia kwa karne nyingi. Kuna taswira za macho, za miguu na za masikio. Kuna onyo, na mwisho kuna dua. Isitoshe, mti ulioinama na watoto wa shule hawapo katika ramani yoyote. Wamo katika kumbukumbu ya msemaji peke yake. Akiondoka duniani, utungo huo umeondoka pamoja naye. Simu inayomwambia mtembeaji apinde kulia baada ya mita 200 humfikisha, naam, lakini haimwamkii wala haimwombei salama.

Pili, Kiswahili kina jadi ndefu ya maandishi ya safari, ila sisi tumeiacha ififie. Mnamo 1901 Carl Velten alichapisha nchini Ujerumani mkusanyiko wa safari zilizosimuliwa na Waswahili wenyewe, miongoni mwao Mtoro bin Mwinyi Bakari na Selemani bin Mwenye Chande. Salim bin Abakari alisimulia humo safari yake ya Urusi na Siberia. Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliandika maisha yake, ambayo kwa sehemu kubwa ni maisha ya njiani. Na ni wajibu wetu kukumbuka kwamba njia zake zilikuwa pia njia za minyororo. Karibu na zama zetu, Ken Walibora katika Siku Njema (1996) alimtoa Kongowea Tanga na kumleta Kenya kumtafuta babake. Kwa hiyo hatuna haja ya kuazima utanzu kutoka ng'ambo. Tunachokosa ni waandishi wa kutembea nchini mwao, taratibu, kwa miguu, na kuandika wanachokiona na wanachoambiwa.

Nazifahamu pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba utalii ni biashara, na mtalii husoma Kiingereza. Pingamizi hili lina uzito, kwani vijana waelekezi wa Taita hupata riziki kutokana na wageni. Lakini mtembeaji wa leo si lazima awe mgeni wa kutoka Ulaya. Wengi ni Wakenya. Tena hakuna aliyesema kibao kiwe na lugha moja. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na inakitaja pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kifungu hichohicho kinaitaka serikali ikuze na kulinda lugha mbalimbali za watu wa Kenya. Kibao chenye Kidawida, Kiswahili na Kiingereza si anasa. Ni Katiba iliyosimamishwa juu ya mti.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linanikosesha usingizi kuliko la kwanza. Je, Kiswahili nacho si mgeni vilimani? Je, kuandika njia za Taita kwa Kiswahili hakutaimeza Kidawida na Kisagala, kama Kiingereza kinavyotumeza sisi? Naam, hatari hiyo ipo, na wakereketwa wa Kiswahili hatupaswi kuipuuza kwa sababu tu inatufaa. Jawabu langu ni kwamba Kiswahili kiingie kama mpagazi, kisiingie kama mwenye nyumba. Vuria ibaki Vuria, isitafsiriwe. Jina la chemchemi, la jabali na la kichaka liandikwe kama wenyeji wanavyolitamka, kisha Kiswahili kilieleze kwa Mkenya atokaye Busia au Lamu. Aidha, pale ambapo msamiati wetu wa sanifu, uliokomazwa zaidi na bahari na upepo, hautoshi kutofautisha aina za mteremko, ukungu au udongo wa mlimani, tukope kutoka kwa wenye milima na tukiri mkopo huo katika kamusi zetu. Lugha inayokopa kwa adabu hukua bila kudhulumu.

Pingamizi la tatu husema kwamba njia za miguu zitakufa tu. Barabara na pikipiki zimefika. Hapa ndipo penye jambo la dharura. Ardhi inapopimwa na kuzungushiwa ua, ujia usio na jina wala maandishi hauna shahidi. Mwenye shamba akiufunga, aliyezoea kuupita ataambiwa kwamba haukuwahi kuwapo. Waingereza walilielewa hilo mapema: sheria yao ya 1949 iliyataka mabaraza ya kaunti katika Uingereza na Wales yachore ramani za njia za miguu za umma, na njia iliyochorwa humo ikawa na nguvu ya ushahidi wa kisheria. Ni kinaya kwamba waliotupa mazoea ya kuzipuuza njia zetu walizihifadhi zao kwa maandishi.

Wala si njia pekee zinazotoweka. Mandhari yenyewe yanabadilika. Barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912. Weupe ule ulioitwa "baridi" mnamo 1848 unakwisha mbele ya macho ya watu waamkao wakiutazama kila siku. Wanasayansi wamepima upungufu huo kwa vyombo vyao, na kazi yao ni ya maana. Lakini nani ameandika ushuhuda wa mkulima wa Taita ambaye ameutazama mlima huo kwa miaka sitini, akitumia kuonekana au kutoonekana kwake kukisia mvua? Ushuhuda huo uko katika lugha tunazodai kuzisomea shahada.

Ninapendekeza mambo matatu. Mosi, kila mwanachama wa chama hiki anayetoka sehemu za vilima, awe ni wa Taita, Mbooni, Kisii, Nandi au Nyambene, aandike njia moja ya miguu ya kwao wakati wa likizo: inaanzia wapi, inaishia wapi, majina ya vituo vyake, nani huyatumia, na kutoka juu kunaonekana nini. Kurasa nne au tano zatosha. Pili, wahadhiri wetu wakubali maandishi kama hayo kuwa kazi halali ya uwandani katika kozi za fasihi simulizi na isimujamii, na wayasahihishe kwa ukali uleule. Tatu, nakala zirudishwe kwa wenyeji waliosimulia na kwa waelekezi vijana, ili wanaowaongoza watu wawe na cha kuwaambia zaidi ya kimo cha mlima.

Nina sharti moja. Si kila kitu ni cha kuandikwa. Yapo mapango ya Taita yaliyohifadhi mafuvu ya wahenga, na yapo mafighi ambayo wazee hawapendi yafikiwe na kila mpitaji. Mwandishi aliyeelekezwa kwa uaminifu hana ruhusa ya kuyaanika. Aulize kwanza, akikatazwa, anyamaze. Kunyamaza kwa heshima ni tofauti kabisa na kunyamaza kwa uzembe, na uzembe ndio ninaoushutumu hapa.

Tangu UNESCO ilipoteua, mnamo 2021, tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tumezoea kuiadhimisha kwa hotuba, mashairi na fulana zenye maandishi. Yote hayo ni mema. Lakini lugha haitukuzwi kwa kusifiwa ukumbini pekee. Hutukuzwa kwa kupewa kazi. Kazi ipo vilimani, inasubiri watu wenye viatu imara, daftari na masikio. Tumlipe Bwana Kheri deni lake: tuandike sisi wenyewe yale ambayo yeye hakupata nafasi ya kuyaandika, kabla ujia haujazibwa na msimulizi hajanyamaza.